Pesa Ikiingia Usidhani Imekaa

Saa nane mchana, muuzaji wa viatu Eastleigh, Nairobi, anapokea oda kwa WhatsApp. Mteja analipa, ujumbe wa M-Pesa unaingia, salio linapanda, boda anakabidhiwa mfuko na kuondoka. Saa tisa kasorobo unaingia ujumbe mwingine: mtumaji ameomba fedha zirudishwe, eti alikosea namba. Kiasi kilekile kimezuiwa kwenye akaunti. Boda ameshashusha mzigo, na simu ya mteja haipatikani tena.

Hapo hakuna aliyedukua chochote. Huduma ya kurejesha muamala imefanya kazi kama ilivyoundwa, ila aliyeiita ni mwongo. Iliwekwa kwa ajili ya mama anayemtumia mwanawe nauli akakosea tarakimu moja. Kwake yeye, kusambaza ujumbe wa muamala kwenda 456, namba ya Safaricom, mtandao wa M-Pesa ya Kenya, na kuwahi fedha kabla hazijatolewa kwa wakala ni msaada mkubwa, na hakuna anayepaswa kumnyang'anya. Tatizo ni kwamba mfumo hauoni viatu. Unaona namba mbili, kiasi na saa. Mnunuzi akisema alikosea, kauli yake inaeleweka papo hapo. Muuzaji ndiye anayebaki na kazi ya kueleza biashara ambayo mtandao haukuishuhudia.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wauzaji wengi hawashindwi kwa kukosa haki. Wanashindwa kwa sababu wanaanza kutafuta ushahidi baada ya ugomvi kuanza, wakati ushahidi wenye uzito ni ule uliowekwa kabla pesa haijatumwa. Tena kila njia ya malipo ina swali lake. Ukijibu swali ambalo hujaulizwa, utapoteza hata ukiwa na picha mia.

Tuanze na pesa ambayo haikuingia kabisa. Ujumbe wa kughushi bado unawaliza watu, na dawa yake ni hesabu ya kujumlisha. Ujumbe halisi wa kupokea fedha kwenye laini ya kawaida hutaja salio jipya. Ikiwa ulikuwa na 4,320 na mteja amelipa 1,800, salio lazima lisome 6,120. Mtapeli hajui ulikuwa na kiasi gani, kwa hiyo ama anabuni salio ama anairuka sehemu hiyo. Ujumbe halisi pia huangukia palepale zilipo jumbe zako za zamani za mtandao, na wa kughushi mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya simu. Lakini jina la mtumaji linaweza kuigizwa, kwa hiyo usisimamie hilo peke yake. Fungua menyu au programu, uangalie salio kwa macho yako kabla mzigo haujatoka mlangoni.

Kwa skrinshoti kuna ukaguzi mwingine ambao wafanyabiashara wachache wanaujua. Msimbo wa muamala wa M-Pesa ya Kenya una herufi na tarakimu kumi, na katika miaka ya karibuni tatu za mwanzo zimekuwa zikibeba tarehe. Ya kwanza ni mwaka: S ilikuwa 2024, T ikawa 2025. Ya pili ni mwezi, kuanzia A ya Januari hadi L ya Desemba. Ya tatu ni siku: 1 hadi 9 huandikwa kwa tarakimu, kisha A ni tarehe 10, B tarehe 11, na kuendelea. Msimbo unaoanza na TCF ni wa tarehe 15 Machi 2025. Mteja akileta picha inayosema amelipa mwezi Juni huku msimbo ukianza na TCF, ameokota ujumbe wa zamani na kubadilisha tarehe. Ukaguzi huu unakamata uongo wa kizembe tu. Mwenye akili zaidi atarekebisha na msimbo, na hapo unarudi palepale kwenye salio.

Ndugu wa utapeli huu ni ule wa "nimetuma zaidi, nirudishie tofauti". Anayeomba hivyo huwa na haraka, na mara nyingi anataka urudishe kwenye namba nyingine, ya dada yake au ya ofisini. Usirudishe kwa mkono wako. Ukimtumia tofauti, naye akaomba muamala wa kwanza urejeshwe, umelipa mara mbili kwa kosa moja. Mwambie aombe kwa mtandao wake, na wewe ukiulizwa utakubali kile kilichozidi. Mteja mkweli atanung'unika kidogo, kisha atafanya hivyo.

Sasa turudi kwa yule wa Eastleigh. Swali ambalo mtandao unajaribu kulijibu ni moja: je, mtumaji alikusudia kutuma pesa hii kwa namba hii? Halihusu ubora wa viatu wala tabia ya mteja. Kwa hiyo kupiga simu huduma kwa wateja na kupaza sauti kwamba "huyu ni mwizi" hakusaidii. Kinachosaidia ni maandishi yaliyotangulia malipo, yenye bidhaa, bei na namba ya kulipia, pamoja na kukubali kwa mnunuzi. Kwa mfano: "Raba nyeusi, namba 41, jozi moja, KSh 1,800. Kusafirisha hadi Umoja KSh 300. Jumla 2,100. Lipa kwa namba hii. Mpokeaji ni nani na yuko wapi hasa?" Mteja akijibu "sawa" na kutaja jina, kisha dakika tano baadaye 2,100 ikaingia, dai la kukosea namba limeshapoteza miguu. Oda za simu ndizo hatari zaidi, maana hazibakizi kitu. Ukimaliza kuongea na mteja, mwandikie muhtasari huo, na usipokee pesa kabla hajaujibu.

Ujumbe wa kuzuiwa ukiingia, wasiliana na mtandao saa hiyohiyo, si jioni baada ya kufunga. Uwe na msimbo wa muamala, saa, mazungumzo ya oda na namba ya aliyepeleka mzigo. Sema kwa maneno machache kwamba fedha hizo ni malipo ya bidhaa iliyokwisha kutolewa, kwamba unapinga kurejeshwa, na kwamba ushahidi unao. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko. Kisha mwandikie mteja palepale mlipofanyia biashara, kwa adabu, umuulize kwa nini ameomba pesa irudi. Wengi wenye nia mbaya hujibu kwa hasira na kujisaliti: "viatu vyenyewe ni vibovu." Ameshakiri kwamba alinunua viatu.

Namba ya biashara, iwe Till ya Kenya au Lipa Namba ya Tanzania, inasaidia kwa sababu rahisi kabisa. Mlipaji huona jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Aliyeona "Fulani Viatu" akabonyeza kukubali ana kazi ngumu zaidi kudai kwamba alikuwa anamtumia shangazi. Lakini ina kasoro yake. Kwenye malipo ya Till, namba ya mlipaji hufichwa kwa sehemu ili kulinda faragha, na hilo linamnyima muuzaji silaha dhidi ya utapeli ambao naona ndio mbaya kuliko wote.

Uko hivi. Tapeli anatangaza simu asiyokuwa nayo kwa bei ya kuvutia. Wakati huohuo anaagiza kwako simu ya kweli ya bei hiyohiyo. Mhanga wake akikubali kununua, tapeli anampa namba yako ya malipo. Pesa inaingia kwako, halisi kabisa, salio linasoma sawasawa. Unatoa simu kwa tapeli. Kesho yake mhanga anagundua kwamba hakuna mzigo, anaomba pesa irudishwe na anakwenda polisi na jina lako mkononi. Katika pembetatu hii anayeomba kurejeshewa ni mkweli, na wewe ni mkweli, na aliyekula amesimama nje ya muamala.

Alama ya utapeli huu ni kutofautiana kwa majina. Anayechati ni mmoja, aliyelipa ni mwingine, anayepokea ni wa tatu. "Mke wangu ndiye ametuma" ni jibu la kawaida na mara nyingi ni la kweli, lakini kwa bidhaa ghali usiliache hivyo. Kama namba ya mlipaji inaonekana, mpigie umuulize swali moja: "Umelipia nini, na umenunua kwa nani?" Akitaja jina usilolijua, simamisha mzigo. Kama namba imefichwa, mwambie anayeagiza ampe aliyelipa namba yako akupigie mwenyewe. Kwa simu, kompyuta na televisheni ningesema wazi: jina la mlipaji lisipolingana na kitambulisho cha mpokeaji, mzigo hautoki. Utapoteza wateja wawili watatu wasiopenda maswali, na hiyo ni bei ndogo.

Kuna wauzaji walioamua kuyakwepa yote haya kwa kukubali malipo baada ya mzigo kufika. Ni uamuzi unaoeleweka, maana wanunuzi nao wametapeliwa mno. Wanaolipa kwanza na kutumiwa tofali kwenye boksi si hadithi za kubuni. Ila hesabu yake ni kali. Chukua raba unazonunua kwa 1,200 na kuuza 1,800. Faida ni 600, na boda wa 300 analipwa na mteja. Mteja akikataa mzigo mlangoni au akizima simu, unalipa boda kwenda na kurudi, 600. Oda tano zikifanikiwa zote, una 3,000. Mmoja tu akikataa, una 2,400 za wale wanne, ukitoa 600 unabaki na 1,800. Mteja mmoja kati ya watano amekula asilimia 40 ya faida ya siku, na hakuvunja sheria yoyote inayoweza kumfikisha mahali.

Njia ya katikati ni kudai nauli ya boda kwanza na bei ya bidhaa baada ya kukagua. Anayekataa kutoa 300 kwa mzigo wa 1,800 amekuambia alivyojipanga. Na boda apewe maelekezo ya wazi: mteja akague mbele yake, alipe, boda akupigie, wewe uthibitishe salio, ndipo aachie. Vurugu nyingi hutokea pale boda anapoonyeshwa skrini ya simu ya mteja naye akaamini.

Marejesho ya bidhaa yana mchezo wake. Mteja ananunua simu nzima, anarudisha siku ya tatu akisema haichaji, na iliyorudi ni simu nyingine ya aina ileile, au ni ileile iliyobadilishwa kioo. Kabla ya kufunga, bonyeza *#06# upige picha ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu hiyo, ikiwa kwenye skrini pamoja na ile iliyoandikwa kwenye boksi, zote kwenye picha moja. Kwa vifaa visivyo na namba, weka alama ndogo ya kalamu mahali pasipoonekana kirahisi, mathalani ndani ya ulimi wa kiatu, na uipige picha. Rekodi video moja isiyokatwa kuanzia bidhaa hadi gundi ya mwisho, na umalizie kwa kuweka kifurushi kwenye mizani. Kilichotoka kikiwa gramu 640 hakiwezi kurudi kikiwa 410 bila maelezo. Unapopokea marejesho, pima kabla ya kufungua, mbele ya aliyeleta.

Mizigo ya basi, kutoka Kariakoo kwenda Mwanza au Mbeya, hukosea mahali pengine: stakabadhi. Karani anaandika "boksi 1" na muuzaji anaondoka akiwa ameridhika. Siku mteja anaposema boksi lilifika na kanga kumi badala ya ishirini, karatasi hiyo haimtetei mtu. Dai iandikwe bidhaa, idadi na thamani, jina kamili la mpokeaji na namba yake, na usisitize kwamba anayechukua aoneshe kitambulisho na kusaini. Tuma picha ya stakabadhi kwa mteja palepale stendi.

Wanaouza nje ya Afrika Mashariki, vyondo, shanga, vinyago, kazi za usanifu na uandishi, wanaingia kwenye dunia ya kadi, na huko hatari haiko kwenye dakika kumi za mwanzo. Iko kwenye miezi. Kwa malipo ya Visa na Mastercard, mwenye kadi kwa kawaida ana siku 120 za kuiomba benki yake irudishe pesa. Wenye biashara hii huita chajibaki. Kwenye PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, mnunuzi ana siku 180 za kufungua mgogoro, kisha siku 20 za kuupandisha kuwa dai rasmi, na dai likifika muuzaji ana siku 10 tu za kujibu. Asipojibu, amepoteza. Tangu 2018 Wakenya wanaweza kuhamisha fedha za PayPal kwenda M-Pesa, na wengi huhamisha zote mara tu zinapoingia. Dai likifunguliwa miezi minne baadaye, akaunti inasoma hasi.

Kosa kubwa hapa ni kutosoma sababu ya dai. "Sikuidhinisha malipo haya" inahitaji ushahidi kwamba mwenye kadi ndiye aliyelipa. "Sijapokea" inahitaji ushahidi wa mzigo kufika. "Si kama ulivyoeleza" inahitaji tangazo lako la awali, picha na vipimo. Uthibitisho wa kadi kwa msimbo unaotumwa kwenye simu ya mwenye kadi huhamishia hasara ya kadi iliyoibwa kwa benki iliyoitoa, na ni jambo jema kuuwasha, lakini haukukingi hata kidogo dhidi ya dai la pili na la tatu. Wauzaji huwasha kinga hiyo wakadhani wamefunga milango yote.

Ulinzi wa muuzaji wa PayPal nao una masharti ambayo matapeli wanayajua kuliko wauzaji. Mzigo lazima uende kwenye anwani iliyo kwenye ukurasa wa muamala wenyewe. Mteja akikuandikia baadaye kwamba amehama, utume kwa binamu yake, na ukatii, umejitoa kwenye ulinzi; mrudishie pesa kwa njia ileile na umwombe alipe upya kwa anwani mpya. Kuanzia dola 750, rekodi ya kufika haitoshi, inatakiwa saini ya mpokeaji. Na yule anayelipa kutoka Ulaya kisha akasema rafiki yake wa Nairobi atapita kuchukua kinyago dukani ndiye wa kuogopwa zaidi, maana kukabidhi mkono kwa mkono hakuachi namba ya ufuatiliaji. Rafiki anaondoka na kinyago, na wiki ya pili mlipaji anadai hakukipokea. Anayekuja mwenyewe alipe kwa pesa ya mkononi au ya simu.

Wauzaji waliochoka wamebuni adhabu yao: kuanika. Picha ya mteja, namba yake na jina vinawekwa Instagram na neno TAPELI kwa rangi nyekundu. Uchungu wao naujua na simlaumu anayeuhisi, lakini ni njia mbaya. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na aliyeanikwa anaweza kugeuka mlalamikaji. Kwenye ule utapeli wa pembetatu, utakuwa umemwanika mtu aliyeibiwa kama wewe. Peleka namba kunakostahili: Safaricom hupokea jumbe za utapeli kwa 333, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa 15040. Kwa Kenya kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Nenda na taarifa ya miamala, mazungumzo yote yaliyopakuliwa bila kukatwa, na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Wengi hukwama mapema zaidi ya hapo: hawajui jina kamili la mteja wala anakoishi, kwa sababu hawakuuliza siku ya oda.

Hata hivyo, si haki kumwachia muuzaji kazi hii yote. Mifumo ya malipo duniani imejengwa ili mnunuzi aamini, na gharama ya imani hiyo imewekwa upande mmoja. eBay, soko la mtandaoni, iliwaondolea wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya tangu 2008. Kwenye kadi, muuzaji mara nyingi hutozwa ada ya mgogoro hata akishinda. Kwetu, mwenye kibanda anazuiliwa mtaji wa kesho asubuhi kwa ujumbe mmoja usiomgharimu mtumaji kitu.

Mitandao ya simu inaweza kurekebisha hili bila kumwumiza yule mama wa nauli. Pesa iliyokwenda kwenye namba ya biashara, ambayo mlipaji aliona jina lake akathibitisha, isirejeshwe kabla muuzaji hajapewa muda maalumu wa kujibu, na njia ya kupakia mazungumzo na picha ya mzigo ndani ya programu yenyewe badala ya kusubiri foleni ya simu. Anayeomba kurejeshewa alazimike kutaja alikuwa anakusudia kutuma kwa namba ipi. Aliyekosea kweli huwa na namba inayofanana na ile, tarakimu moja au mbili tofauti. Na laini iliyodai "nimekosea" kwa wafanyabiashara wanne tofauti ndani ya mwezi mmoja inyimwe uwezo wa kuzuia pesa ya mtu mpaka muuzaji asikilizwe. Rekodi hizo mitandao inazo tayari.